Noti za mfukoni, noti za mwendo: utani wetu wenye mashua ndogo kwa wenye yoti

MshikaKana (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Jumamosi iliyopita nilikuwa gatini nakaza jarari, ile kamba ya kupandishia tanga. Mashua yangu ya mita nne ilikuwa imefungwa ubavuni mwa yoti, chombo cha kifahari, ambayo boti yake ya kushukia tu ilikuwa ndefu kuliko chombo changu chote. Jirani yangu, naye ana mashua kama yangu, akanipigia kelele gati zima lisikie: "Mzee, mwambie huyo jirani yako asogee, anakufunika kivuli, tanga lako halitakauka!" Watu walicheka, na mabaharia wa ile yoti wakacheka zaidi yetu. Mmoja wao akashuka, akaizunguka mashua yangu kwa macho, akaniomba ashike kana, mpini wa usukani, dakika mbili tu. Tukatoka naye. Dakika mbili zikawa nusu saa. Tulipofunga kamba aliniambia huu ni mwaka wake wa tatu baharini, na leo ndiyo mara ya kwanza kuusikia upepo mkononi mwake.

Maneno hayo hayajanitoka. Ndiyo maana nimeleta uzi huu: tukusanye utani wetu wote kuhusu yoti, na mimi nitoe jambo ninaloliamini kabisa. Kadiri chombo kinavyokua, mwenyewe anasogea mbali na usukani wake. Kwenye mita nne kana iko kiganjani, demani, kamba ya kuvutia tanga, iko mkono wa pili, na mwili wako ndio uzani unaozuia mashua isilale. Kwenye mita kumi na mbili tayari kuna gurudumu la usukani na winchi za kukazia kamba. Kwenye mita thelathini kuna nahodha wa kuajiriwa. Kwenye mita mia kuna nahodha, mainjinia, wapishi, wasugua sitaha, na mwenye mali anapigiwa simu kuambiwa chombo chake kimefika bandari gani.

Naanza na ninaoukumbuka:

Mashua ikipwelewa unashuka, unaisukuma. Yoti ikipwelewa unaitishwa mkutano.

Muulize mwenye mashua upepo unatoka wapi, atakunyooshea kidole. Muulize mwenye yoti, atakwenda kumwita nahodha.

Mwenye yoti anahesabu noti za mfukoni. Sisi tunahesabu noti za mwendo.

Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu ina hesabu ya kweli ndani yake. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Chombo kinapokata maji kinajenga wimbi lake chenyewe, na kadiri kinavyokaza mwendo wimbi hilo linarefuka, mpaka urefu wake kutoka kilele hadi kilele unalingana na urefu wa chombo pale kinapogusa maji. Ukilazimisha kupita hapo, tezi (nyuma ya chombo) inazama bondeni, omo (mbele yake) inainuka, chombo kinakuwa kama mtu anayepanda kilima ambacho hakiishi. Kanuni yake ni nyepesi: chukua urefu wa mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43. Mita 4 zinakupa karibu noti 4.9. Mita 16 zinakupa noti 9.7. Urefu umekwenda mara nne, mwendo umekwenda mara mbili tu! Na chombo hicho cha mita 16, kikiwa na umbo lile lile, kina ujazo mara 64 wa kile cha kwanza. Fikirieni mbao, rangi, matanga na kazi ya mikono inayoingia katika ujazo wa mara 64.

Halafu mashua nyepesi yenye tumbo bapa ikipata upepo wa kutosha inafanya jambo ambalo chombo kizito cha matanga hakiwezi: inapanda juu ya wimbi lake lenyewe na kuteleza. Wanaoendesha Laser, ile mashua ya tanga ya mtu mmoja, wanajua. Ni mita 4.23, mwili wake hauzidi kilo 60 sana, na ikianza kuteleza unasikia ubao wa kati, ule unaoshuka majini, ukiimba chini ya miguu. Hapo ile kanuni umeiacha nyuma.

Karibuni.

TangaJekundu

Hiyo ya mkutano nimemsomea mume wangu, amecheka mpaka akakaa chini.

Mimi nina Mirror, ndiyo maana ya jina langu humu. Kwa wasioijua: ni mashua ya mita 3.3 iliyotoka mwaka 1962 huko Uingereza, imechorwa na Jack Holt na Barry Bucknell, na aliyeisukuma sokoni ni gazeti la Daily Mirror. Nia ilikuwa mtu wa kawaida ainunue ikiwa vipande, aiunde mwenyewe nyumbani. Vipande vya plaiwudi unavishona kwa waya wa shaba, halafu unavifunga kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Ukiona tanga jekundu dogo mahali popote duniani, kuna uwezekano mkubwa ni ndugu yangu huyo.

Yangu waliishona wazazi wangu. Mama alikuwa ndani anasukuma waya, baba nje anaukaza kwa koleo. Walishona wiki tatu, jioni kwa jioni, kitanda kimesimamishwa ukutani. Mpaka leo mama akiona yoti inapita huuliza swali moja tu: "Hiyo nani aliishona?" Nyumbani kwetu ndiyo imekuwa kipimo cha hadhi. Gari jipya la jirani, jumba la mjomba, yoti ya tajiri, vyote vinaulizwa nani aliyevishona.

KumbaMaji

Mleta uzi umenikuna. Na historia iko upande wako kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Neno yoti lenyewe lilitoka kwa Waholanzi, *jacht*, kutokana na kuwinda. Kilikuwa chombo chepesi cha kukimbiza, hakikuwa kasri la kuelea. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ulimpa Mfalme Charles II wa Uingereza chombo cha namna hiyo, kiliitwa Mary. Akanogewa. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba 1661, alishindana na mdogo wake James kwenye mto Thames, kutoka Greenwich hadi Gravesend na kurudi, dau likiwa pauni 100. Wakati wa kwenda upepo ulikuwa wa mbele, mfalme akashindwa. Wakati wa kurudi akashinda. Sasa sikiliza hili: John Evelyn, aliyekuwepo siku hiyo, aliandika katika shajara yake kwamba mara nyingine mfalme alishika usukani mwenyewe.

Mfalme! Mtu aliyeweza kuamuru watu mia washike kwa niaba yake. Kwa hiyo mwanzoni kabisa fahari ya yoti ilikuwa kuiendesha. Kuikalia kumekuja baadaye.

Shwari

Naombeni nipingane kidogo kwa nia njema. Hivi hatujifariji hapa? Mtu akikupa yoti leo utaikataa? Naona utani mwingine humu una wivu ndani yake, umevaa nguo ya kicheko.

MshikaKana

Shwari, swali lako ni la haki, nalijibu bila kuzunguka. Kuna siku ningeitaka. Baba yangu ana miaka themanini na miwili, magoti yamechoka, hawezi tena kuinama chini ya foramali, ule mti wa tanga, ninapogeuza chombo. Ningekuwa na chombo kipana chenye kiti na kivuli ningemtoa kila wiki. Na anayevuka bahari na watoto wake anahitaji mahali pa kulala, jiko, maji ya kunywa na mkuku (uti wa chini wa chombo) mzito wa kumrudisha wima akilazwa na wimbi. Ukubwa wenye kazi siucheki hata siku moja.

Ninaoucheka ni ukubwa wa kutazamwa. Mnakumbuka ile yoti ya matanga ya tajiri Jeff Bezos, Koru, mita 127, milingoti mitatu? Mwaka 2022 ilikuwa inakamilishwa Uholanzi, na ilionekana milingoti yake haiwezi kupita chini ya daraja la zamani la reli pale Rotterdam. Likaja ombi sehemu ya katikati ya daraja iondolewe kwa muda ili chombo kipite. Wakazi wakakasirika, wengine wakapanga hadharani kwenda kukirushia mayai yaliyooza. Mpango ukaachwa, na chombo kikakokotwa kwa njia nyingine kabla hakijasimikwa milingoti. Mimi nikifika darajani nachomoa pini moja, nalaza mlingoti begani, napita, nausimamisha upande wa pili. Dakika nne. Huo si wivu, Shwari. Ni furaha ya mtu ambaye chombo chake kinamtosha mikononi.

BintiNahodha

Nami niongeze la sheria, kwa sababu baharini ndipo mahali pekee ninapojua ambapo mwenye kikubwa anampisha mwenye kidogo na imeandikwa.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, kanuni ya 18: chombo kinachokwenda kwa injini kinampisha anayekwenda kwa tanga. Haisemi mwenye mali ni nani. Wakikutana wa matanga wawili, kanuni ya 12 inaangalia upepo: anayeupokea ubavu wa kushoto anampisha anayeupokea ubavu wa kulia. Wakiupokea upande mmoja, aliye joshi, upande upepo unakotoka, anampisha aliye demani, upande unakoelekea. Kwisha. Katika kanuni hizo mbili hakuna sehemu inayouliza urefu wa sitaha.

Mwezi uliopita nilikuwa nabisha dhidi ya upepo kurudi nyumbani, mwanangu wa miaka tisa ndiye ameshika kana. Yoti kubwa ya injini ikawa inatujia kwa ubavu. Mtoto akaniangalia, nikamwambia shikilia mwendo wako, usiyumbe, ili naye ajue unakwenda wapi. Ile yoti ikageuza omo mapema kabisa, ikapita nyuma yetu. Nahodha wake akatoka nje akampungia mtoto mkono. Mwanangu alikaa kimya mpaka gatini, halafu akasema, "Mama, alinipisha mimi." Alilisema tena usiku kabla ya kulala.

FundiMbao

Dada hapo juu umesema kweli, ila kwa ajili ya wageni lazima nitie breki. Kanuni ya 9: kwenye mkondo mwembamba, chombo cha chini ya mita 20 au cha matanga hakiruhusiwi kumzuia yule ambaye kwa kina chake hawezi kupita penginepo ila humo. Na kanuni ya 13: anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayempisha, hata akiwa wa tanga. Nimeona vijana wanaokariri kanuni ya 18 peke yake wanakwenda kusimama mbele ya meli mlangoni mwa bandari. Meli kubwa haisimami kama baiskeli. Haki ya njia haikusaidii ukiwa chini ya maji.

BintiNahodha

Asante fundi. Na mtoto alikuwa na jaketi la kujiokolea, kamba imefungwa sawasawa. Hilo kwangu halina mjadala.

BahariaWaYoti

Wakuu, mimi niko upande wa pili, naandika kutoka kwenye chumba cha mabaharia, vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Nimesoma uzi wote na nimecheka, ila nina ombi na nina ushuhuda.

Ombi: utani uwaguse wenye mali, usitupige sisi tunaosugua. Chombo cha namna hii watu husema kinameza kila mwaka karibu sehemu ya kumi ya thamani yake kwa matunzo, na sehemu kubwa ya matunzo hayo ni migongo yetu. Vanishi ile mnayojitazama ndani yake kama kioo nimeipaka tabaka nane, na kila tabaka nimelisugua kwa msasa kabla ya linalofuata.

Ushuhuda: mwaka jana mwenye chombo alilala humu usiku kumi na tisa. Sisi tulilala usiku uliobaki wote. Ni mtu mpole, anatujua kwa majina. Siku moja tulikuwa tumetia nanga karibu na shule ya watoto wa matanga. Walikuwa kama ishirini kwenye Optimist, vile vijisanduku vya mita 2.3 alivyovichora Clark Mills kule Florida mwaka 1947. Mwenye chombo alisimama kwenye reli saa nzima. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile mashua ndogo ya tanga iliyofungwa gereji ya nyuma bado inafaa. Tukaishusha. Akavua saa, akaingia peke yake. Alipinduka mara mbili, akaiinua mwenyewe mara mbili, tukiwa tayari na boti lakini ametukataza kwa mkono. Alirudi ameloa mpaka nywele, uso umebadilika kabisa. Mimi nimefanya kazi kwake miaka mitano, na siku ile ndiyo nilimwona mwenye chombo.

Kwa hiyo mleta uzi, ulichosema kuhusu usukani ni kweli, na wapo kule juu wanaokijua kuliko ninyi.

TangaJekundu

Jamani. Hiyo ya kuvua saa.

KumbaMaji

Baharia, umenikumbusha Thomas Lipton, na huyu lazima aingie kwenye uzi wa hadhi.

Alizaliwa Glasgow kwenye familia masikini, akafungua duka, maduka yakaongezeka, majani ya chai yakamtajirisha. Akataka America's Cup, kombe la mbio za yoti za matanga. Aliwania mara tano, 1899, 1901, 1903, 1920 na 1930, kila mara na chombo kinachoitwa Shamrock, na mara zote tano alishindwa. Sasa pale Uingereza klabu ya yoti ya juu kuliko zote ilikuwa Royal Yacht Squadron, na mwenye duka hakuwa mtu wa kuketi naye. Alikuwa na urafiki na mfalme, alikuwa na chombo kinachoweza kushindana na chochote duniani, na mlango ulibaki umefungwa. Akawa anawania kupitia klabu ya Royal Ulster. Walimfungulia mwaka 1931, mwaka ule ule aliofariki.

Na baada ya kushindwa mara ya tano, Wamarekani waliomshinda walichangishana wakamtengenezea kombe la dhahabu kwa jinsi alivyojua kushindwa. Watu wa kawaida walitoa vijisenti vyao. Mimi nikisoma habari hiyo huwa naumia na kufurahi kwa pamoja. Ukiniuliza hadhi yake ilikuwa wapi, kwenye ile klabu au kwenye lile kombe, nitakujibu kabla hujamaliza swali.

Shwari

Narudi. Nimewaelewa, na neno langu la wivu nalipunguza. Lakini niulize: je, si kweli kwamba chombo kidogo kina mipaka ambayo hakuna utani utakaoiondoa? Safari ya kweli mtu anaifanya na nini?

MshikaKana

Shwari, ngoja nikusimulie Robert Manry, maana huyu ndiye mtu wangu.

Alikuwa mhariri wa gazeti la Plain Dealer huko Cleveland. Alikuwa na mashua kuukuu ya mbao iliyozidi umri wa miaka thelathini, akaikarabati mwenyewe, akaitia kijichumba, akaiita Tinkerbelle. Mita 4.1. Rafiki yake mwenye chombo kikubwa zaidi alimwalika wavuke Atlantiki pamoja. Manry akajiandaa, akasoma, akanunua vifaa. Kisha rafiki akajitoa. Hapo mtu mwingine angerudi mezani kwake akaendelea kusahihisha nukta na mikato ya wenzake. Manry alitazama mashua yake uani.

Aliondoka Falmouth ya Massachusetts tarehe 1 Juni 1965. Mawimbi yalimtupa nje mara kadhaa, akajivuta ndani kwa kamba aliyokuwa amejifunga kiunoni. Tarehe 17 Agosti, baada ya siku 78, aliingia Falmouth nyingine, ile ya Cornwall, Uingereza. Alidhani atafika kimyakimya. Akakuta maji yamejaa vyombo vilivyotoka kumlaki na watu wamefunika kingo za bandari.

Simwambii mtu aige. Mimi mwenyewe upepo ukizidi noti ishirini siondoi kamba. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Ninachosema ni kwamba mipaka ya chombo kidogo ipo, na mwenye chombo kidogo anaijua kwa ngozi yake, kwa sababu hakuna mtu kati yake na maji.

FundiMbao

Hapo kwenye ngozi nimekuelewa. Mteja wa yoti akija karakana huniletea karatasi ya matatizo iliyoandikwa na mtu mwingine. Mwenye mashua anaweka kiganja kwenye ubao anasema, "Hapa inalia." Na ni hapo hapo.

MshikaKana

Wakuu, nina habari mpya. Yule baharia wa Jumamosi amenitafuta. Anataka mashua yake mwenyewe, hata kuukuu, ya kufunga kwenye lile gati wanakorudi kila baada ya safari. Kuna moja ya mbao inauzwa, mita tatu na nusu, imekaa chini ya turubai miaka minne. Tanga nimelikagua, linafaa. Ubao sina hakika nao. Fundi, kabla hajatoa pesa aangalie nini?

FundiMbao

Aipindue kwanza, asiitazame ikiwa imekaa vizuri. Achukue mpini wa bisibisi, agonge taratibu kuanzia omo hadi tezi, kiganja kwa kiganja. Ubao mzima unajibu kwa sauti kali ya juu. Penye kuoza sauti inakuwa nzito na fupi, kama unagonga godoro. Akazie pembe za tezi, pande mbili za kisanduku cha ubao wa kati, na mahali mlingoti unapokalia. Maji ya mvua hulala humo. Doa moja au mawili yanatibika kwa wiki moja. Kisanduku chote kikijibu kama godoro, aiache.

BahariaWaYoti

Msasa ninao, wa kila namba. Na vanishi ya kumalizia kopo nitaomba kwa bosi wangu, najua atanipa. Nitakuja kupaka mwenyewe.

MshikaKana

Nimempigia. Kesho asubuhi, maji yakiwa yamepwa, tunakwenda kuigonga.